Mtoto akifariki zamu yako, inchaji fanya hivi

Dada, hongera na pole kwa pamoja. Unasema umepewa uinchaji, yaani usimamizi wa wauguzi, wa idara ya dharura, na wiki iliyopita muuguzi wako mdogo alijifungia stoo akilia baada ya mtoto kufariki, nawe hukujua umwambie nini.

Nimeshika zamu za usiku miaka mingi. Muuguzi aliyekuwa akikamua ambubagi, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, usimpeleke papo hapo kwa mgonjwa mwingine. Wagonjwa wake wahudumie wewe kwa muda huo. Yeye akanawe mikono, anywe maji, akae dakika tano. Kisha muulize mtoto aliitwa nani. Wengi huanza kuongea hapo.

Muuguzi akikosea dozi, kosa hilo lizungumzeni faragha, kamwe si mbele ya ndugu wa mgonjwa. Ukimfokea hadharani, kesho atalificha, na atakayeumia ni mgonjwa.

Wagonjwa wa kijani, wale wasio na hali ya hatari, husubiri sana kwa sababu wa nyekundu, walio hatarini kufa, hawasubiri hata dakika. Pita benchini mwenyewe uwaeleze. Matusi anayotupiwa muuguzi wa mapokezi hupungua mno.

Yule muuguzi aliyejifungia stoo ameshaongea na nani tangu siku ile? Mtafute leo, kabla hajatoka zamu.