Naogopa kufungua friji ya watu

Shikamoo shangazi. Nina miaka 16, natokea Tanga, sa hivi nipo Ohio, Marekani, nimekuja na YES, programu ya kubadilishana wanafunzi ya serikali ya Marekani, kusoma mwaka mmoja. Familia nnayokaa nayo wananipenda, ila cha jioni wanakula saa kumi na moja na nusu, ikifika saa nne usiku tumbo linaniuma kwa njaa. Mama wa hapa aliniambia jihudumie, mi naona kama udokozi. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, we fungua friji ule! Kwetu mgeni anakaribishwa mara tatu ndo anagusa sahani, huko wakishakwambia jihudumie imetoka hiyo, hawarudii. Uliza tu kipi kimewekwa cha kesho, usije ukala chakula cha mtu cha kazini. Hao hawalipwi kukaa na wewe, wamejitolea kwa moyo wao, kwa hiyo njaa yako ukiificha unawaonea. Ukiona aibu bado, yupo msimamizi wa eneo wa hiyo programu yenu anaetakiwa kuwasiliana nawe kila mwezi, mwambie bila kuzunguka. Na Jumamosi omba jiko uwapikie wali wa nazi, nazi ya kopo supamaketi zipo.