Nani mwenye amri juu ya madirisha ya kompyuta yangu?

SWALI: Shikamoo Mama. Nafanya kazi katika steshenari ya mjomba wangu hapa Kikuyu, Dodoma. Wateja wengi ni wanafunzi wa St John's wanaoleta ripoti zilizoandikwa kwa mkono. Karatasi naiweka kando ya kibodi. Kwenye skrini Word inakaa kushoto na Excel yenye majedwali kulia. Shida ni programu ya printa. Wino ukikaribia kuisha inafungua dirisha lake katikati ya skrini bila kuitwa. Juzi nilikuwa nachapa aya ndefu kuhusu wakulima wa zabibu wa Hombolo. Nilipoinua macho, nusu ya aya haipo, na printa imeanza kujisafisha na kumaliza ule wino kidogo uliobaki. Mjomba anasema nimebonyeza mwenyewe. Halafu programu ya kusomea PDF kila nikiifungua inajaa skrini nzima na kufunika kazi yangu yote. Kosa ni langu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kosa si lako, na ninaomba umsomee mjomba jibu hili lote.

Nimefundisha upigaji chapa tangu wakati wa mashine za taipu. Jambo la kwanza tunalomfundisha mwanafunzi ni kwamba macho yabaki kwenye karatasi na vidole vijue njia. Anayechapa hivyo haangalii skrini kila neno, na ndiyo maana anachapa haraka. Dirisha linalojileta mbele bila ruhusa humuumiza mtu huyo kuliko wengine wote. Anayechapa kwa kidole kimoja huku akikodolea skrini ataliona papo hapo. Wewe uliyefundishwa vizuri utaliona ukifika mwisho wa aya.

Kilichotokea ni hiki. Kwa wakati mmoja dirisha moja tu ndilo linalopokea kibodi. Dirisha la printa lilipoinyakua, herufi zako zote zilienda huko badala ya Word. Na dirisha la onyo huwa na vitufe, kimoja kikiwa kimeshachaguliwa. Kwenye Windows, ukigusa kitufe cha nafasi, kile kilichochaguliwa kinabonyezwa. Basi kati ya neno "wakulima" na neno "wa" tayari ulikuwa umekubali swali ambalo hukuliona. Mjomba ana haki kusema kidole kilikuwa chako. Uamuzi haukuwa wako.

Walioiunda Windows waliliona tatizo hili zamani. Tangu Windows 98 kuna sheria kwamba mtu akiwa anafanya kazi katika dirisha moja, programu nyingine isijilete mbele na kushika kibodi. Alama yake kwenye upau wa chini iwakewake, mwenye kompyuta aifungue kwa wakati wake. Ni kama mgeni anayepiga hodi nje ya uzio na kungoja. Mfumo una hata kipimo cha muda: kwa kawaida milisekunde 200,000 tangu ulipogusa kibodi au kipanya mara ya mwisho, yaani dakika 3 na sekunde 20. Ukisimama kumhudumia mteja wa fotokopi muda ukapita, kizuizi hicho kinalegea. Na hata kabla ya hapo ipo mianya. Kuna programu zinazojifanya mtumiaji amebonyeza Alt ili mfumo uzifungulie njia. Aliyeandika hivyo hakupitiwa. Alijua sheria ipo, akaona tangazo lake la wino ni muhimu kuliko kazi ya mtu, na mimi hilo silikubali kabisa.

Sasa tufanye hivi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya Startup, tafuta ile programu ya printa inayochungulia hali ya wino, uizime isianze na kompyuta. Kuchapisha kutaendelea, kwa sababu kinachochapisha ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, na ile ni kitu kingine kilichokuja pamoja nayo. Ikikaidi, ondoa kila kitu cha printa kisha sakinisha draiva peke yake. Mara nyingi Windows yenyewe inayo au inaweza kuipakua. Taarifa za kona ya chini kulia usiziogope. Zile zinaonekana tu, hazishiki kibodi.

Kuhusu PDF, kuna watuhumiwa wawili. Wa kwanza ni programu, ambayo huenda inakumbuka ukubwa wa dirisha lililofungwa mwisho: lipunguze, kisha ulifunge likiwa hivyohivyo. Wa pili wengi hawamjui: faili lenyewe. Muundo wa PDF unamruhusu aliyetengeneza faili kuweka ndani yake agizo kwamba likifunguliwa lijaze skrini nzima. Ukiona faili moja linafanya hivyo na mengine hayafanyi, umempata. Bonyeza Esc kulitoa humo, kisha kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kulia, litakaa nusu ya skrini. Ukitaka mpangilio wa kudumu zaidi, Microsoft wanatoa bure PowerToys. Ndani yake mna FancyZones, ambayo unaichorea maeneo ya skrini na inaweza kurudisha dirisha jipya katika eneo lake la mwisho.

Utasikia pia ushauri wa kubofya kulia alama ya programu, kuingia Properties na kuchagua dirisha lifunguke kwa ukubwa gani. Jaribu, lakini usiutegemee. Pale unaiambia programu unachopenda, na programu inaweza kukupuuza.

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma UDOM, natumia Linux yenye KDE Plasma, ile inayochora dawati na kupanga madirisha. Nimepanga nikibofya mara mbili upau wa juu, dirisha likunjwe. Firefox na VS Code (ninayoandikia programu) hazitii. Nilidhani Linux ni ya mtumiaji.

JIBU: Marahaba. Uliyodhani yana msingi. Mfumo wa X11 uliotoka MIT mwaka 1987 uliacha upangaji wa madirisha kwa programu ya pekee, ambayo wewe unaichagua. Programu nyingine inaomba mahali na ukubwa. Msimamizi wa madirisha ndiye anayekubali au kukataa, na ndiye aliyechora upau na vitufe. Baadaye programu zikaanza kujichorea upau wake. GNOME, dawati jingine la Linux kama Plasma, iliupanua mtindo huo mwaka 2013, ikiweka vitufe vya kazi ndani ya upau ili kuokoa nafasi. Nafasi inaokolewa kweli, hasa kwenye laptopu ndogo. Ila upau uliochorwa na programu unaitii programu, na mpangilio wako wa Plasma unaishia mlangoni.

Firefox ni rahisi: bofya kulia sehemu ya vitufe, chagua Customize Toolbar, weka tiki kwenye Title Bar. VS Code, ingia Settings, tafuta window.titleBarStyle, uweke native, uifunge na kuifungua upya. Kwa mahali na ukubwa wa madirisha una silaha ambayo wa Windows wangeitamani: Window Rules, sheria unazoziwekea madirisha ya programu fulani. Chagua Force, siyo Apply Initially, maana hii ya pili inaiachia programu nafasi ya kubadilisha baadaye. Hapohapo Plasma ina ngazi za kuzuia dirisha lisijilete mbele. Ipandishe ngazi moja kwanza uone.

Ukihamia Wayland, mfumo unaochukua nafasi ya X11, programu iliyoandikwa kwa ajili yake kwa kawaida haiwezi tena kujichagulia mahali pa kukaa kwenye skrini. Wapo wanaolalamika kwa hilo. Mimi nalifurahia.

SWALI: Habari za kazi, Dada. Ni mwalimu, Manyoni. Nikitoa waya wa projekta, nikifungua tena programu ya matokeo, dirisha halionekani, ingawa chini inaonyesha liko wazi.

JIBU: Njema, Mwalimu. Programu iliandika mahali ilipofungwa, kwenye skrini ya projekta, na ikifunguka inarudi hukohuko bila kukagua kama skrini ipo. Libofye chini ili lichaguliwe, bonyeza Alt na kitufe cha nafasi, kisha M, kisha mshale wowote mara moja. Sogeza kipanya, litakufuata. Likiwa limejaa skrini, M haitafanya kazi: rudia Alt na nafasi, bonyeza R, ndipo M. Siku nyingine, kabla ya kutoa waya, lirudishe kwanza kwenye skrini ya kompyuta kwa Windows, Shift na mshale, ulifunge likiwa hapo.