Kukaimu idara ya afya na sayansi ya michezo: usisahau maabara

Dada, hongera, na pole pia. Nimekuelewa: umepewa kukaimu idara, walimu wa afya ya jamii na wa mazoezi wanagombania bajeti moja, na wengi wamekutangulia kazini.

Niliongoza idara ya aina hiyo miaka sita. Usikimbilie kuitisha kikao. Pita ofisi kwa ofisi, uliza kila mtu ana vipindi vingapi na anasimamia tasnifu ngapi, uandike yote kwenye karatasi moja. Kwetu kelele zilipungua nilipoibandika ukutani, kila mmoja akauona mzigo wa mwenzake.

Halafu nenda maabara. Fungua kile kifaa cha kushtua moyo, tazama tarehe za mwisho za betri na pedi zake za kubandika kifuani. Chetu kilikuwa kimepitwa na wakati miaka miwili, na wanafunzi wakipimwa kwa kukimbia hadi pumzi ziishe! Moyo ukisimama bila huduma, kila dakika hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Hilo lisisubiri bajeti. Na mwenye historia ya kuzimia au maumivu ya kifua asipimwe mpaka daktari amruhusu.

Malalamiko ya unyanyasaji usiyamalize chemba. Yafikishe kwa maandishi kwa mwanasheria wa chuo.