Bata Mzinga wa Ardhi ya Umma Huwindwa Wenzako Wakiwa Wamesharudi Nyumbani

Siku chache baada ya msimu wa machipuko wa kuwinda bata mzinga kufungwa hapa Missouri, Marekani, nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa kijana mmoja wa Arusha anayeishi Kansas City, ambaye ameanza uwindaji hivi karibuni na tayari anafikiria kuuacha. "Kaka," ameniandikia, "hawa ndege kweli wapo, au ni hadithi za wenye mashamba?" Amenunua bunduki ya marisau, nguo za mabaka, kijisanduku cha mbao cha kuigia sauti ya jike, na sanamu mbili za plastiki. Kila Jumamosi aliendesha gari usiku hadi Msitu wa Taifa wa Mark Twain, ambao ni ardhi ya umma. Wiki ya ufunguzi alisikia madume wakilia juu ya miti. Baada ya hapo msitu ulinyamaza, na sauti pekee aliyoisikia alfajiri ilikuwa ya milango ya magari ya wawindaji wengine.

Nilimjibu kwa faragha, lakini jibu lilirefuka mno, na kwa kuwa najua wapo wengi miongoni mwetu wanaomtamani dume mzee mwenye ndevu za kifuani za kugusa nyasi huku wakiwa hawana shamba wala mkwe mwenye shamba, nimeona niliandike hapa kwa ukamilifu.

Mimi nilikulia Voi, katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kabla sijazaliwa. Kwetu, mtu akionekana porini na silaha ni askari wa wanyamapori au ni jangili; hakuna wa tatu. Kwa sababu hiyo, misimu yangu ya kwanza huku nilitembea msituni kwa woga usio na maana, nikishtuka kila nilipoona gari la mlinzi wa wanyamapori, ingawa kibali kilikuwa mfukoni na cheti cha mafunzo ya uwindaji, ambacho sheria ya Missouri inamtaka kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1967 awe nacho, kilikuwa kwenye pochi. Wenye viza za muda wawe waangalifu zaidi: sheria ya shirikisho inawazuia kumiliki bunduki isipokuwa katika hali chache, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji, na jambo hilo ni la kumuuliza mwanasheria kabla ya kwenda dukani.

Sasa, kwa swali lenyewe: ndege wapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Missouri ilikuwa imebakiwa na bata mzinga wasiofika 2,500 katika kaunti 14 tu, kwa sababu misitu ilikuwa imekatwa na ndege waliwindwa bila mipaka. Wataalamu wa jimbo walianza kuwanasa katika eneo la Peck Ranch kwa nyavu zilizorushwa kwa baruti na kuwahamishia kwingine. Msimu wa kwanza wa zama hizi ulifunguliwa mwaka 1960, ukadumu siku 3, na wawindaji wa jimbo zima wakapata ndege 94. Kufikia machipuko ya 2004 idadi hiyo ilikuwa imepita 60,000. Tangu wakati huo wamepungua, hasa kwa kuwa vifaranga wanaopona viota vikiisha kuvamiwa na machipuko yakiisha kunyesha ni wachache, lakini hawajatoweka. Msitu wa Mark Twain peke yake una takriban ekari milioni 1.5, na mbali na huo yapo maeneo ya hifadhi ya jimbo, ambayo mengi yamepatikana kwa kodi ya mauzo waliyoikubali wapiga kura mwaka 1976, sehemu moja ya nane ya asilimia moja. Kila ukinunua sukari dukani umechangia. Asikwambie mtu kwamba wewe ni mgeni katika ardhi hiyo.

Kinachomponza kijana wetu ni saa. Anakwenda wakati ambao kila mtu anakwenda, anaondoka wakati ambao kila mtu anaondoka, kisha anashangaa kwamba amepata kile ambacho kila mtu amepata.

Tafakari mwenendo wa ndege huyu. Kwa maumbile yake, dume hulia akiwa bado juu ya mti alikolala, na majike ndio wanaomwendea. Mwindaji anayeketi chini na kuiga sauti ya jike anamwomba dume atende kinyume cha maumbile, yaani ashuke amfuate yeye. Alfajiri dume hana haja hiyo, kwa sababu majike wa kweli wamelala kwenye miti ya jirani naye, na wote wakishuka ataondoka nao huku akikuacha na kijisanduku chako mapajani. Lakini jike naye ana shughuli zake. Hutaga yai moja karibu kila siku hadi yafike kama kumi au kumi na mawili, na kila siku hiyo humwacha dume ili aende kiotani. Akianza kuyaatamia, kazi inayochukua siku 28 hivi, humwacha kwa muda mrefu zaidi. Hivyo kadiri asubuhi inavyokwenda, na kadiri msimu unavyozeeka, ndivyo dume anavyobaki peke yake.

Saa anazobaki peke yake ni kuanzia kama saa tatu au saa nne. Ndizo saa ambazo maegesho yote ya msituni yanakuwa matupu, kwa kuwa wenye magari wamekwenda kunywa chai.

Hapa ndipo penye kero ambayo sijaisamehe. Tangu msimu wa 2024, mwindaji aliye kwenye ardhi ya mtu binafsi katika jimbo hili anaruhusiwa kuwinda hadi jua linapozama, lakini sisi wa ardhi ya umma tunatakiwa kuacha saa saba mchana, kama zamani. Naelewa hoja ya kuwapunguzia ndege usumbufu mahali penye watu wengi, na sheria naifuata hadi dakika ya mwisho. Hata hivyo inauma kukaa kimya chini ya mwaloni, kusikia dume akikaribia saa saba kasoro dakika tano, na kujua kwamba jirani aliye ng'ambo ya seng'enge ana alasiri nzima mbele yake. Wahenga waliosema mvumilivu hula mbivu hawakuwa wanaangalia saa.

Kero ya pili ni watu. Misimu michache iliyopita nilipata dume kwenye mgongo wa kilima kirefu, mwendo mzuri kutoka barabarani, mahali nilipodhani hapajulikani. Alijibu sauti yangu mara ya kwanza, akajibu tena akiwa karibu zaidi, kisha akasimama umbali wa hatua kama sitini, nyuma ya kichaka cha mierezi, akitanua mkia na kuburuza mbawa ardhini. Nilikuwa nimeegemea mti, bunduki gotini, sijapepesa macho. Ilinijia hakika kwamba ningemsubiri hata nusu saa naye angekuja. Ndipo mlio wa bunduki ukapasuka upande wangu wa kushoto. Mtu mmoja alikuwa amenyemelea kwa kufuata sauti ya dume na sauti yangu, ametambaa katikati yetu, na amempiga ndege mbele ya macho yangu. Nilipomwendea na kumweleza kwamba nilikuwa nikimwita ndege yule tangu mapambazuko, alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema ardhi ni ya watu wote, akamtupa dume begani na kushuka bondeni.

Nimeambiwa nisahau. Sijasahau, na sioni kwa nini nisahau. Hakukuwa na kosa la kisheria ambalo ningelithibitisha, lakini marisau yake yangeweza kunipata mimi. Kunyemelea mlio wa bata mzinga kwenye ardhi ya umma ni kumnyemelea mtu usiyemwona, kwa kuwa hujui kama mlio huo unatoka kooni mwa ndege au katika kisanduku cha mwenzako. Wenzangu, tusiwe watu wa namna hiyo. Ukisikia mwingine anamwita ndege, geuka uende zako, hata kama ndege huyo ulimwona wewe kwanza jana jioni. Ukikuta gari kwenye maegesho madogo, nenda maegesho mengine. Tunajulikana kwa sura na kwa lafudhi huku, na ustaarabu wa mmoja wetu hukumbukwa muda mrefu kama utovu wa adabu wa mmoja wetu.

Baada ya tukio lile niliacha kushindana na wa alfajiri. Nililala hadi kukuche, nikanywa chai nyumbani, nikafika msituni wakati magari yalikuwa yanatoka. Baadhi ya madereva walinipungia mkono kwa huruma, wakidhani nimechelewa.

Mwaka huu, katika wiki ya mwisho ya msimu, mvua ilinyesha hadi karibu saa nne. Mvua ikikatika, bata mzinga hupenda kutoka mahali peupe, kwa sababu majani yanayodondosha maji huwazuia kusikia vizuri na wanategemea macho. Nilikwenda kwenye barabara ya zamani ya magogo iliyoota nyasi, ambako nilikuwa nimeona alama za mbawa zilizoburuzwa kwenye tope, nikaketi chini ya msonobari mpana kuliko mabega yangu. Nikaiga jike kwa sauti ndogo, vijimlio vitatu vya mtu asiye na haraka. Kimya. Baada ya muda mrefu nikarudia mara moja, kisha nikaweka kijisanduku chini na kukataa kukigusa. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Kupiga kijisanduku bila kukoma ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe anakuchungulia dirishani. Dume wa ardhi ya umma amevisikia visanduku vya kila duka tangu siku ya kwanza. Utafiti uliofanywa kusini mwa Marekani umeonyesha kwamba madume hupunguza kulia uwindaji unapoanza, kwa hiyo ukisubiri akujibu ndipo uamini kwamba yupo, utaondoka akiwa njiani.

Hakulia hata mara moja. Nilichokiona kwanza ni kichwa cheupe kilichochanganyika na buluu na wekundu, kikichomoza kwenye kona ya barabara, kikizama, kikichomoza tena. Alikuja kwa hatua za mwenye mali. Alipofika hatua kama thelathini alipita nyuma ya shina la mti, nami nikainua bunduki, alipotokea nilifyatua. Alikuwa na uzito wa karibu kilo 10, na kipi cha kila mguu kilikuwa kimepinda na kuchongoka, dalili ya dume aliyekwepa wawindaji kwa misimu kadhaa. Ilikuwa saa sita na robo. Nilikata alama kwenye kibali papo hapo, nikamsajili kwa simu mchana huohuo, ingawa sheria inatoa nafasi hadi saa nne usiku, kisha nikamfunga kwa kitambaa cha rangi ya chungwa kabla ya kumbeba, kwa sababu mbawa zinazoning'inia mgongoni mwa mtu msituni ni mwaliko wa risasi. Minofu ya kifua tuliikaanga. Mapaja, ambayo ni magumu, yalichemka jioni nzima ndipo yakaingia kwenye tui la nazi. Shemeji yangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiniuliza kwa nini nisinunue bata mzinga wa dukani, alijipakulia mara mbili na hakuuliza kitu.

Kwa hiyo, kijana wangu, kaa. Nenda siku ya kazi ukiweza kuomba ruhusa, nenda baada ya mvua, nenda wiki ya mwisho ambapo wengi wamekata tamaa, na ukifika, kaa. Ukihisi ni wakati wa kuhama, kaa tena. Kaa ukiwa umeegemea mti mpana unaokinga mgongo wako. Usivae kitu chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, hata soksi, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Akitokea mtu, usimpungie mkono. Msemeshe kwa sauti kubwa ya kibinadamu.

Na ujikague kupe kila jioni. Kupe wa huku ambaye jike lake lina doa jeupe mgongoni anaweza kumsababishia mtu mzio wa nyama nyekundu, na sihitaji kumweleza mtu wa Arusha maana ya kuishi bila nyama choma. Nyama ya ndege haimo katika mzio huo, lakini hiyo ni faraja ndogo.

Umeniuliza mwisho kuhusu sanamu zako mbili. Ile ya jike itumie, uisimamishe mahali ambapo wewe unamwona yeyote anayeikaribia kabla hajakulenga. Ile ya dume mwenye mkia uliotanuka iache nyumbani kabisa. Inafaa kwenye shamba lenye lango na kufuli, wala si kwenye msitu ambao hujui nani mwingine yumo ndani yake. Kama duka litakubali kuirudisha, pesa utakayopata itie mafuta, kwa maana kutoka Kansas City hadi huku ni zaidi ya saa tatu, na safari hii hutalazimika kuendesha gizani.