Kabla Hujasema Umeshika Shina la Kalamiti

Jiwe la kwanza la kalamiti, mmea wa kale uliotoweka, nililowahi kushika lilikuwa na matuta membamba ya wima, yaliyokatizwa na vifundo kama vya mwanzi. Nikaandika daftarini: "gome". Nilikosea, na ninawaona wengi wanaoanza kukusanya visukuku wakijikwaa papo hapo.

Shina la kalamiti lilikuwa na uvungu. Mmea ulipokufa matope yaliingia humo, yakagandamana hadi kuwa jiwe, na shina lenyewe likaoza. Ulichoshika, basi, ni umbo la ule uvungu. Mifereji baina ya matuta iliachwa na mishipa ya maji iliyouzunguka. Usikadirie unene wa mti kwa unene wa jiwe. Mti ulikuwa mnene kuliko hapo.

Sasa fuata tuta moja kwa ukucha, taratibu, hadi kwenye kifundo. Kwa kalamiti, tuta hukomea hapo, na la pingili inayofuata huanzia katikati ya mawili. Yakipita moja kwa moja bila kupishana, fikiria Archaeocalamites, jamaa yake wa zamani zaidi. Mimi hupenda sana dakika hii ya ukucha.

Majina nayo yasikuchanganye. Annularia ni majani yaliyojipanga kama nyota, Calamostachys ni koni za spora, yaani chembe za uzazi. Viungo hivyo viliokotwa mbalimbali, kila kimoja kikapewa jina, ilhali vyote ni vya kalamiti. (Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la tete, lile lile lililotupa "kalamu".)

Ushauri wangu mkubwa: anza na mmea ulio hai. Mkia-farasi, yaani Equisetum, ndiyo jenasi pekee iliyobaki katika ukoo huu. Kalamiti za Kipindi cha Kaboniferi, miaka milioni 359 hadi 299 iliyopita, zilijenga mbao na kuwa miti ya zaidi ya mita 10. Mkia-farasi haujengi mbao, lakini unatambaa kwa mashina ya chini ya ardhi vile vile. Ndiyo maana kalamiti ziliweza kufukiwa na matope ya mafuriko zikachipua tena.

Kata pingili ya mkia-farasi kwa wembe, uitazame kwa lenzi: uvungu katikati, mishipa midogo imeuzunguka. Iweke kando ya jiwe lako, kisha ndipo uandike daftarini.