Mtihani wa 608 kwa fundi AC aliyefika Marekani karibuni

Ndugu yangu uliyefika Marekani ukiwa tayari fundi wa friji na AC, iwe uliujulia ufundi Kariakoo, Gikomba au Lubumbashi, ujuzi wako una soko hapa. Ila huruhusiwi kufungua mfumo wenye gesi ya kupozea bila cheti cha EPA, mamlaka ya mazingira ya serikali kuu. Wenyewe wanakiita 608, na ni lazima tangu Novemba 1994.

Mtihani una sehemu nne, kila moja maswali 25 ya kuchagua jibu, na ukipata 18 umefaulu. Core ni ya kila mtu. Type I ni vifaa vidogo vilivyofungwa kiwandani, kama friji ya nyumbani. Type II ni presha kubwa, zikiwemo AC za majumbani. Type III ni chila za presha ndogo, yaani mashine kubwa za kupoza maji ya AC za majengo. Ukifaulu zote unapewa Universal, na nakusihi uitafute hiyo. Ukikwama sehemu moja, unarudia hiyo tu.

Core ndiyo inayowaangusha mafundi hodari, kwa sababu haiulizi namna ya kutafuta hitilafu. Inauliza sheria, tabaka la ozoni, Itifaki ya Montreal ya 1987 (mkataba wa mataifa wa kulinda ozoni) na usalama wa mitungi. Wengi wetu tumezoea kuachia gesi hewani kabla ya kulehemu. Hapa ni kosa la jinai, na faini yake si ya kuchezea. Basi anza na Core, na uisome kwa Kiingereza chenyewe, maana maneno yanafanana: recover ni kunyonya gesi na kuitia kwenye mtungi, recycle ni kuitenga na oili na kuipitisha kwenye filta draya (kichujio kinachokausha unyevu), reclaim ni kuirudisha kwenye ubora wa gesi mpya, na lazima ipimwe maabara. Ukiyachanganya hayo matatu, utapoteza maswali ambayo kwa mikono ungeyajibu vizuri.

Namba zishike pamoja na sababu zake. Friji ndogo yenye kompresa (pampu ya gesi) inayofanya kazi, mashine za sasa za kunyonyea zinatakiwa zitoe asilimia 90 ya gesi. Kompresa ikiwa imekufa, 80. Kwa nini? Kompresa nzima inakusaidia kuisukuma gesi itoke. Mtungi nao usijazwe kupita asilimia 80, kwani gesi iliyo majimaji ikipata joto hutanuka, na ikikosa nafasi mtungi unapasuka.

Type III inataka ugeuze mazoea. Chila hizo zikifanya kazi, upande wa evaporeta, yaani unaopoza, uko chini ya presha ya hewa ya nje, kwa hiyo pakitoboka hewa na unyevu huingia ndani. Ndiyo sababu zina kifaa cha kutoa hewa kwenye kondensa, sehemu inayotoa joto. Lielewe hilo kwanza, mengine yatafuata.

Jihadhari na noti za zamani: kiwango cha uvujaji wa gesi kwa mwaka kinacholazimisha matengenezo kwa AC kubwa kilishushwa kutoka asilimia 15 hadi 10 mwaka 2019.

Cheti hakiishi muda. Tunza jina la taasisi iliyokutahini, kwa sababu kadi ikipotea ni hao watakaokupa nyingine, si EPA. Leseni ya kufungua biashara yako ni jambo jingine. Iulizie kwenye jimbo unaloishi.