Katiba haivuki mpaka

Swali la wiki hii: nchi ambayo katiba yake tayari inakataza mateso ina haja gani ya kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso wa mwaka 1984? Inayo haja, tena kubwa, maana mtesaji akishavuka mpaka, katiba hubaki nyumbani.

Chukueni mfano wa Hissène Habré, aliyetawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990. Polisi wake wa siri walikuwa na gereza N'Djamena ambalo zamani lilikuwa bwawa la kuogelea. Walilifunika kwa zege, wakaligawa vyumba, wakawarundika watu humo chini. Alipopinduliwa alikimbilia Dakar, mji mkuu wa Senegal, akaishi huko miaka zaidi ya ishirini. Katiba ya Chad isingemfikia. Uliomfikia ni mkataba huu: Ubelgiji iliutumia kuishtaki Senegal katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 2012 majaji wakaiambia Senegal imshtaki bila kuchelewa zaidi, la sivyo imkabidhi kwa watakaomshtaki. Mei 2016, hapo hapo Dakar, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kinachoniuma ni tarehe. Mahakama ile ya Kimataifa ilisema wajibu wa Senegal wa kumshtaki chini ya mkataba ulihusu matendo ya baada ya 26 Juni 1987, siku ulipoanza kuibana. Aliyeteswa mwezi mmoja kabla ya hapo hakuwa ndani ya wajibu huo. (Mahakama maalumu iliyomhukumu Habré ilipewa mamlaka juu ya kipindi chote cha utawala wake, lakini kwa sheria yake yenyewe.) Uingereza nako, katika shauri la Augusto Pinochet, aliyekuwa mtawala wa kijeshi wa Chile, mwaka 1999, sehemu kubwa ya mashtaka ilianguka kwa sababu matendo yalitangulia Septemba 1988, sheria ya kutekeleza mkataba ilipoanza kuyahesabu mateso yaliyofanywa nje ya nchi kuwa kosa huko. Kwa hiyo serikali inayosema "tunaendelea kulifanyia kazi" inamwachia mtesaji nafasi ya kuponyoka kila siku inayopita.

Kuna na Ibara ya 15, ninayoipenda kuliko zote. Ungamo lililokamuliwa kwa kipigo halipokelewi mahakamani, isipokuwa kama ushahidi dhidi ya aliyepiga. Mpelelezi akijua kwamba karatasi aliyomsainisha mtuhumiwa inaweza kumgeukia yeye, ataanza kutafuta ushahidi wa kweli. Vita, hali ya hatari na "niliamriwa na mkubwa" navyo havikubaliwi kuwa visingizio.

Ila tusishangilie saini tu. Nchi inaweza kuridhia huku ikikataa, chini ya Ibara ya 28, kuchunguzwa na Kamati dhidi ya Mateso. Na raia hawezi kupeleka malalamiko yake mbele ya kamati hiyo mpaka nchi itoe tamko la pekee chini ya Ibara ya 22. Siku azimio la kuridhia litakapofika bungeni, mbunge wangu aanze kwa kuuliza kama tamko hilo limeambatanishwa.